Picha Ni Deni

Kuna video ya sekunde kumi na nne ambayo nimeshaifuta kwenye simu yangu, lakini najua bado ipo kwenye simu za watu nisiowajua. Niliipiga mwaka jana nikiwa BTP katika shule moja ya sekondari wilayani Ruangwa. Inamwonyesha kijana wa kidato cha kwanza anaandika huku daftari amelilaza mapajani, kwa sababu siku ile meza hazikutosha. Niliiweka stetasi na maneno "Walimu tunapitia mengi", nikaongeza emoji mbili za machozi. Hadi jioni ilikuwa imeshaingia kwenye magrupu matatu, na kuna mtu aliitilia muziki.

Siku ya nne mama yake akaja shuleni. Nilipoambiwa kuna mzazi ananiulizia, miguu iliisha nguvu. Nikajua leo nagombezwa mbele ya ofisi nzima.

Mama hakufoka. Alinisalimia vizuri, akaniuliza kama mimi ndiye madamu niliyempiga picha mwanawe. Nikamwambia ndiyo mama, samahani sana. Akasema, "Wifi yangu yuko Mtwara, ameiona. Baba yake mdogo yuko Dar, ameiona. Mimi simu yangu ni ya tochi. Nimekuja kuomba na mimi nipewe yangu."

Hakuwa na picha hata moja ya yule mtoto. Mimi, niliyemjua kwa wiki tatu, nilikuwa nimewagawia watu wote sura ya mwanawe isipokuwa yeye. Na hata pale alipoiomba, sikuwa na kitu cha kumpa. Ningempa nini? Stetasi?

Naandika kwa wenzangu wa ualimu tunaojiandaa kwenda BTP mwezi wa saba. Hoja yangu ni moja: picha ni deni. Ukimpiga mtu picha, anakudai ruhusa kabla ya picha na nakala baada ya picha. Kusema kweli sikulijua hilo kutoka kwenye somo lolote la ualimu. Nimefundishwa na kamera ya babu yangu na mkanda wa filamu ya polepole.

Jumamosi ile nilipanda gari kwenda Nachingwea kwa babu. Zamani babu alikuwa mpiga picha wa kutembea. Alipiga harusi, sherehe za unyago, mahafali, na watu waliokuwa na hela mkononi msimu wa korosho. Nikamwamkia, akaitikia, halafu akauliza, "Mbona uso umekunjamana hivyo?" Nikamweleza yote. Hakunipa pole. Aliingia ndani, akatoka na boksi la viatu. Ndani yake kulikuwa na Yashica FX-3 ambayo ngozi yake imebanduka karibu yote, na daftari la kaunta.

Daftari lile lilikuwa la madeni. Kila mstari una jina la mtu, kijiji chake, hela aliyotanguliza, idadi ya picha na siku aliyoahidiwa. Mikanda ilipelekwa mjini kwa basi kusafishwa, ikirudi anapanda baiskeli na kuzunguka vijijini kugawa. Aliyepata picha yake aliwekewa alama ya vema. "Mjukuu wangu," aliniambia, "kupiga ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kurudi."

Akanipa ile kamera. Uzuri wa FX-3 ni kwamba shata yake inaendeshwa na springi na gia. Betri ni za kipimo cha mwanga tu, kwa hiyo hata zikifa kamera inapiga. Mikanda niliipata kwa binamu yangu aliyekuwa amerudi kutoka Uingereza na miwili ya Ilford Pan F, filamu nyeusi na nyeupe ya ISO 50.

Kwa ambao hawajawahi kushika filamu, nieleze kidogo. Namba ya ISO inaonyesha filamu inahitaji mwanga kiasi gani. Ya 400 ni ya haraka, inakubali hata mwanga mdogo. Ya 50 inataka mwanga mara nane zaidi ya hiyo, ndiyo maana inaitwa ya polepole. Faida yake ni kwamba chembe zake za fedha ni ndogo sana, kwa hiyo picha inatoka laini, unaona hadi uzi wa kola ya shati. Gharama yake ni subira. Kanuni ya wapiga picha wa zamani inasema hivi: kwenye jua kali, weka tundu la lenzi 16, na kasi ya shata iwe karibu na namba ya ISO. Kwa filamu yangu hiyo ni sehemu moja ya sitini ya sekunde. Ukiingia chini ya kivuli cha mkorosho, unafungua tundu hadi 4. Ukiingia darasani, hata ukifungua karibu mwisho, unajikuta kwenye sehemu moja ya nane ya sekunde. Hapo mkono wa binadamu hautoshi. Unaiweka kamera juu ya meza, na unayempiga anatulia. Akitikisika anakuwa moshi.

Sasa hapo ndipo nilipoelewa. Kwa ISO 50 ndani ya darasa huwezi kuiba picha ya mtu. Lazima umwambie, lazima akubali, na lazima akusaidie kwa kutulia. Katika ule muda wa kupima mwanga na kuzungusha lenzi, yeye naye anapata muda wa kuamua anataka kuonekanaje.

Nilirudi shuleni Jumatatu, nikamwomba yule kijana msamaha, nikamwomba na mama yake ruhusa. Kisha nikamuuliza kijana anataka apigweje. Alichomekea shati, akaazima tai ya kaka wa kidato cha nne, akaniambia, "Madamu, nipige nimekaa kwenye meza." Akaenda kukaa meza ya mbele, akafungua kitabu cha Baiolojia, akanyoosha mgongo. Hakuchagua pozi la daftari mapajani, lile nililomchagulia mimi.

Niliweka kamera kwenye meza ya mwalimu, nikapima mwanga wa uso wake, siyo wa dirisha. Hili nalo ni somo. Kamera inayofuata mwanga wa dirisha inamgeuza mtoto mweusi kuwa kivuli, na siyo bahati mbaya tu. Kuanzia miaka ya 1950 maabara za Kodak zilipimia rangi kwa kadi yenye picha ya mwanamke mweupe. Kadi hizo ziliitwa kadi za Shirley. Ngozi ile ndiyo iliyofanywa kipimo cha watu wote. Mwalimu wa Ruangwa asipojifunza kuupima uso ulio mbele yake, hakuna mashine itakayompimia kwa uaminifu.

Nachingwea hii inajua vizuri maana ya kupigwa picha na kuachwa. Mwaka 1947 Waingereza walileta mradi wa karanga, wakafyeka mapori kwa matrekta, wakajenga reli kutoka Mtwara. Mwaka 1951 mradi ukafa, na reli nayo baadaye ikang'olewa. Miaka ya 1960 wakaja wapiganaji wa FRELIMO. Kambi yao kubwa ya mafunzo ilikuwa hapa Nachingwea, na Samora Machel alipita hapa kabla ya kuwa rais wa Msumbiji mwaka 1975. Vipindi vyote viwili vilipigwa picha. Lakini mtoto wa Nachingwea akitaka kuziona inabidi atafute vitabu na makumbusho ya watu wa mbali. Bibi zetu waliowapikia na kuwalimia wageni wale wamo kwenye picha, ila ukutani kwao hakuna kitu.

Linganisha na Zanzibar. Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mwaka 1930, na mwanawe Rohit akaiendeleza. Picha za Mji Mkongwe zilibaki Mji Mkongwe, mtu akapita mtaani na kuingia kuwaangalia wazee wake. Sijui kama babu yangu aliwahi kuisikia studio hiyo, lakini daftari lake la kaunta lilikuwa na nia hiyo hiyo: picha ikae karibu na mwenye sura.

Najua mtaniambia nini. Kwanza, filamu ni anasa. Ni kweli. Mkanda mmoja leo unaweza kumaliza hela ya msosi ya wiki nzima, na bumu lenyewe mnalijua. Hata kusafisha ni kazi. Mimi nilisafishia bafuni hosteli. Dawa inatakiwa iwe nyuzijoto 20, na maji ya bomba ya Dar yanatoka ya moto, kwa hiyo niliyapoza kwa barafu za kwenye vifuko. Sponji ya mlango wa kamera ilikuwa imeoza, mwanga ukapenya, picha tisa zikaungua. Simwambii mtu auze simu akanunue Yashica. Nasema tuchukue tabia ya filamu ya polepole, tuitie kwenye simu.

Pili, mtasema tukisubiri watoto wachomekee mashati, tutaficha shida za shule. Hili lilinisumbua zaidi, kwa sababu upungufu wa meza ni wa kweli na haufai kufichwa. Lakini tuwe wakweli: video yangu haikuleta meza hata moja. Ilileta machozi ya emoji, tena kwa ajili yangu, maana niliandika "walimu tunapitia mengi", sikuandika "wanafunzi". Ukitaka kuonyesha upungufu wa meza, piga darasa tupu, hesabu meza, hesabu wanafunzi, andika ripoti, mpelekee mkuu wa shule na msimamizi wako. Meza zimepungua shuleni, hazikupungua kwa yule kijana. Hakuna sababu ya yeye kubeba aibu ya serikali, ya wazazi na ya sisi wote kwenye uso wake.

Tatu, kuna atakayesema sheria ipo, basi inatosha. Tunayo Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Tuzisome, tena walimu tunapaswa kuzijua kuliko wengine. Lakini sheria itakuambia usichopaswa kufanya. Haitakuambia urudi kijijini na bahasha.

Kwa hiyo naiomba serikali yetu ya wanafunzi mambo mawili. Kwenye semina ya kutuandaa na BTP, pawe na saa moja ya kuzungumzia picha za wanafunzi: nani anaombwa ruhusa, nini hakipostiwi, na picha za utafiti zinatunzwaje. Na kila kundi linaloenda shule moja lichange kidogo, angalau picha moja ya darasa ichapishwe na kuachwa pale shuleni kabla hatujapanda basi la kurudi. Kuchapisha picha ya saizi ya postikadi hakumshindi mtu anayenunua bando kila siku.

Na kwako wewe mmoja mmoja, nakuomba ununue daftari. Ukimpiga mtu picha andika jina lake na mahali anapoishi. Usipokuwa tayari kuliandika jina lake, basi usimpige.

Mwezi wa kumi na mbili nilirudi na bahasha. Negatifu nilizipiga kwa simu juu ya kioo cheupe cha kompyuta, nikazigeuza, nikapeleka studio zikachapishwa. Mama wa yule kijana alikuwa uani anapeta mbaazi. Alifuta mikono kwenye kanga, akaipokea picha kwa mikono miwili, akaitazama kwa muda mrefu bila kusema kitu. Kisha akaigeuza nyuma, akanirudishia. Nikashtuka, nikadhani imemkosea.

"Andika jina lake hapo, mwalimu," akasema. "Na mwaka."

Nikaandika. Nyumbani kwa babu nikaweka vema kwenye daftari langu. Bado kuna majina mawili hayana vema: binti mmoja aliyehamia Liwale na mlinzi wa shule ambaye sikumkuta. Sijui nitapangiwa shule gani mwezi wa saba. Bahasha zao nimeshazifunga.