Kitambi Si Ushahidi wa Ulafi



Ndugu zangu, leo naanza kwa kukiri kosa. Miaka michache nyuma, Ramadhani ikikaribia, nilisema juu ya mimbari kwamba mwenye mwili mkubwa ajitazame, kwani tumbo lake linamtolea ushahidi wa ulafi. Watu wakacheka. Nami nikaona hutuba imewaingia.

Upande wa akina mama alikuwepo dada mmoja, mwanafunzi wangu wa darsa la Alhamisi. Tangu siku ile hakurudi. Mke wangu ndiye aliyenieleza, na kwa idhini ya dada mwenyewe naandika: anafunga Jumatatu na Alhamisi, anakula kidogo kuliko mimi, na hospitali wamemwambia mwili wake una usugu wa insulini.

Sikujua ni kitu gani. Nikamuuliza daktari anayeswali nasi, akanifundisha kama mtoto wa chuoni, Allah amlipe kheri.

Ukila wali, mkate au mahamri, chakula kinageuka sukari kwenye damu. Kongosho linatoa insulini, na hiyo insulini ni kama ufunguo: inafungua misuli na mafuta vipokee sukari, na kuliambia ini lisiongeze yake. Sasa kuna watu ambao kufuli zao zimekuwa ngumu. Ufunguo mmoja hautoshi, kongosho linatoa mingi zaidi. Ukimpima mtu huyu sukari, huenda ukaiona ya kawaida kwa miaka, kumbe kongosho linabeba mzigo mara mbili. Likichoka, ndipo kisukari aina ya pili kinapobisha hodi.

Na uzito je? Insulini ina kazi nyingine: inauamuru mwili uweke akiba ya mafuta na usiitoe. Ikiwa juu mchana na usiku, akiba inakuwa ngumu kufunguka. Kisha mafuta yale ya tumboni nayo yanazidisha usugu. Basi mtu anazunguka humo humo, na sisi tumesimama pembeni tunamwambia ana tamaa.

Jambo lililonichoma zaidi ni la shingo. Wengi wenye hali hii hutokewa na weusi mzito shingoni na kwapani. Ni mangapi mabinti tumewaambia wasugue shingo, hawaogi vizuri? Wanasugua hadi wanachubuka, na ule si uchafu. Binti akiwa na weusi huo, na hedhi yake haina mpangilio, mpelekeni hospitali, msimpeleke kwenye dodoki.

Najua yupo atakayesema, "Shekhe umewatetea wala pilau." Sijamtetea mtu. Mafundisho ya Mtume (s.a.w.) juu ya theluthi za tumbo yako pale pale, na ulafi ni ulafi. Ninachokataa ni kumhukumu mtu kwa kumtazama. Wapo wembamba kabisa wenye usugu huu, kwa urithi wa ukoo au kwa kukesha bila usingizi. Mwembamba anayekula sahani tatu hatumsemi, tunamsifu ana mwili mzuri! Dhana mbaya ni dhambi hata ikivaa kanzu ya nasaha.

Tena meza zetu zitazameni. Mtu kafunga saa kumi na tatu, anafungulia chai ya vijiko vinne, kaimati zilizolowa shira, juisi, halafu tambi za sukari. Kisha anapanda bodaboda kwenda tarawehe, msikiti uko hatua mia tatu! Daktari aliniambia msuli unaotembea hupokea sukari hata insulini ikiwa kidogo. Tembeeni.

Marekani walifanya utafiti mkubwa kwa watu waliokuwa karibu kupata kisukari, matokeo yakatoka 2002. Waliowekewa lengo la kupunguza asilimia 7 ya uzito na kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki walipungukiwa na hatari ya kupata kisukari kwa asilimia 58, wakilinganishwa na waliopewa vidonge visivyo na dawa. Mwenye kilo 90, asilimia 7 ni kilo 6 na ushei. Hakuna aliyeambiwa awe kama mwiko. Na wale wanaowauzia dawa ya kumaliza kitambi kwa siku saba, wekeni pesa zenu mfukoni.

Mwenye kutumia vidonge vya kisukari au sindano ya insulini asifunge kabla ya kuzungumza na daktari wake, sukari inaweza kushuka ghafla akaanguka. Mgonjwa ana ruhusa katika dini yetu.

Ama yule dada, samahani yangu nimeshaituma kupitia mke wangu. Lakini mimi nilimvunjia heshima mbele ya watu, kwa hiyo naiandika hapa mbele ya watu: nisamehe, dada yangu. Darsa la Alhamisi bado lipo, baada ya alasiri, na nafasi yako haijakaliwa.