Jua Dogo na Madebe ya Maji

Mtu aliyepanda lori kutoka Masasi kwenda Newala anajua jinsi kilima kinavyodai nguvu. Injini hunguruma, gia hubadilishwa, na abiria hunyamaza. Maji nayo hupanda kwa taabu hiyo hiyo. Mvua ya uwanda wetu wa Makonde huzama mchangani ikaenda chini sana, kwa hiyo maji hayana budi kusukumwa kwa pampu kutoka mabondeni, kama kule Mitema. Bibi zetu waliyapandisha kwa kichwa.

Naanza na maji kwa sababu nataka kusema juu ya jua dogo. Wengi wamekwisha kusikia ya kuwa tarehe 5 Desemba 2022, katika maabara ya Livermore huko California, Marekani, wataalamu waliunganisha viini vya haidrojeni kwa mwanga wa leza, wakapata nguvu nyingi kuliko ya mwanga ulioviwasha. Wapo wasemao, "Umeme wa bure umekaribia." Wapo wasemao, "Hayo ni ya Wazungu, sisi yatuhusu nini?" Kwa maoni yangu wote wamekosea, na kosa lao ni moja: hawakupiga hesabu.

Kwanza tendo lenyewe. Miali 192 ya leza iliingizwa katika kijikopo cha dhahabu kilicho kama ncha ya kidole. Kuta zake zikatoa eksirei, nazo zikaunguza ngozi ya kidonge chenye upana wa milimeta 2 hivi. Ngozi ikaruka nje, na kwa kuruka huko ikaisukuma ndani haidrojeni nzito iliyokuwamo. Hii ni kanuni ya tatu ya Newton, ile ile tunayoikariri darasani! Haidrojeni ikabanwa hata ikaishinda risasi kwa uzito, na joto likapita digrii milioni 100, hali kitovu cha jua lenyewe ni kama milioni 15 tu. Katika joto hilo elektroni huachana na viini, na maada ya namna hiyo huitwa plazima. Njia ya radi angani ni plazima pia, ila ni nyepesi mno.

Kazi ngumu ni kubana sawasawa. Finya tonge la ugali ngumini, litapenya kati ya vidole. Ndivyo plazima ilivyowashinda kwa miaka mingi, maana kasoro ndogo tu katika ngozi ya kidonge hutosha kuharibu yote, na muda walio nao haufiki sehemu moja ya bilioni ya sekunde.

Sasa hesabu. Mwanga wa leza ulikuwa jouli milioni 2.05, zilizotoka ni milioni 3.15. Kulipandisha debe la maji la lita 20 kimo cha mita 300 hutaka jouli 58,800. Basi jua dogo lile, kama lisingepoteza kitu, lingepandisha madebe 53. Lakini mitambo ya leza ilikula umeme wa jouli milioni 300 hivi, ambao ungepandisha madebe zaidi ya 5,000! Majaribio ya baadaye yametoa zaidi, walakini pengo hilo bado halijazibwa.

Kwa hiyo asiwepo wa kuahidi umeme wa bure. Na anayedharau naye akumbuke kwamba katika maji, takriban atomi moja ya haidrojeni kwa kila 6,400 ni ya aina ile nzito. Sehemu ya kuni za jua dogo imo katika debe lake mwenyewe.

Wazazi wengine huwaambia watoto waiache fizikia kwa kuwa haina kazi huku kwetu. Mimi naona nchi inayolipia kila debe linalopanda kilima ndiyo hasa yenye haja ya watu wajuao jouli. Walimu wetu nao wangetupa hesabu za Mitema badala ya zile za treni tusizozipanda.

Mita 300 nimezikadiria tu. Atakayepima sawasawa aniandikie katika toleo lijalo.