Kutazama tamthilia si kuisoma

Kila mwaka, mitihani ya kitaifa inapokaribia, makundi ya waigizaji huzuru shule za upili yakiigiza vitabu teule. Wanafunzi hutoa ada, wakajazana ukumbini, wakacheka na kushangilia. Baadhi ya walimu huamini kuwa baada ya hapo kitabu kimeeleweka. Hapo ndipo penye kosa.

Anayetazama amefanyiwa kazi iliyokuwa yake. Mwigizaji ndiye aliyeamua kauli fulani itamkwe kwa hasira au kwa kejeli, na wapi pa kunyamaza. Uamuzi huo ndio ufahamu wenyewe.

Mfano mzuri ni Kigogo, tamthilia ya Pauline Kea iliyotahiniwa katika KCSE hadi 2022. Ashua, mkewe Sudi, anamwendea Majoka ofisini kuomba msaada baada ya soko kufungwa. Msichana anayepewa nafasi ya Ashua darasani hawezi kuitamka ipasavyo hata sentensi ya kwanza bila kujua kwamba Majoka aliwahi kumtaka, na kwamba Sudi amekataa kuchonga kinyago anachotakiwa na utawala kukichonga. Atalazimika kurudi nyuma kurasa kadhaa. Atayasoma pia maelekezo ya jukwaani yaliyo kwenye mabano, ambayo wanafunzi wengi huyaruka kana kwamba si sehemu ya kitabu.

Swali la muktadha wa dondoo hudai mambo manne: msemaji, msemewa, mahali na sababu. Hayo hayo ndiyo mwigizaji hujiuliza kabla ya kufungua kinywa. Aliyekariri mwongozo huyabahatisha.

Walimu hulalamika kuwa silabasi ni ndefu na madarasa yamefurika. Malalamiko hayo yana uzito, ila hapahitajiki mavazi wala jukwaa. Ukurasa mmoja na robo saa vyatosha: wanne waigize, wenzao wafuate vitabuni, na mwalimu akatize igizo aulize, "Mbona umecheka hapo?" Sharti ni moja, jibu litoke kitabuni. Bila sharti hilo kipindi hugeuka kuwa vituko tu, na walimu wanaoukwepa uigizaji kwa sababu hiyo hawana makosa makubwa.

Tamasha za kitaifa za drama, zilizoanza 1959, zimekuza vipaji vingi. Hata hivyo, wanaopanda jukwaani ni wale wachache waliochaguliwa, aghalabu wenye sauti na ujasiri tayari. Mwanafunzi anayesoma kwa kusitasita hubaki nyuma akipiga makofi, ilhali ndiye anayehitaji zaidi kuigiza.

Mtaala wa Umilisi, ulioanza kutekelezwa kitaifa 2019, unasisitiza kujifunza kwa kutenda. Wanafunzi wake wa kwanza waliingia Gredi ya 10 mnamo Januari 2026, ambako sanaa za maonyesho zimewekwa katika mkondo wake maalumu. Shule zikidhani kwamba uigizaji sasa ni wa mkondo huo pekee, atakayeumia ni mwanafunzi wa sayansi, ambaye hana ruhusa ya kukiacha Kiswahili ila kwa kusoma Lugha Ishara ya Kenya.