Sahani ya Idi: aina tisa za nini?

Leo naweka siasa pembeni. Najua kuna watakaonuna, maana mmezoea kuja hapa kusoma habari za wakubwa, lakini kuna jambo la jikoni limenikaa kooni na nisipolisema nitapasuka. Jambo lenyewe ni sahani ya Idi.

Kwa ambao hawajakulia pwani: asubuhi ya Idi, kabla hata pilau halijaiva, watoto wanatumwa nyumba kwa nyumba na sahani zilizofunikwa kawa au kitambaa kisafi. Jirani anapokea, anahamishia vitu kwenye chombo chake, na sahani hairudi tupu. Haijalishi jirani ni wa dini gani. Jirani yetu mmoja hapa Magomeni ni Mchaga. Sahani yetu huwa anakaa nayo miezi, halafu akirudi Moshi mwezi wa kwanza inakuja na chane ya ndizi juu yake. Mambo kama haya ndiyo yananifanya niupende mji huu pamoja na foleni zake.

Sasa tatizo liko wapi? Tatizo ni hesabu. Mama yangu ni mtu wa Tanga, na kwake sahani isiyo na aina tisa si sahani. Nazitaja: vileja, visheti, kaimati, kashata za nazi, kashata za njugu, nankatai, biskuti za jamu, mkate wa mayai na labania. Tisa! Zidisha kwa majirani kumi na mbili, jikoni mtu mmoja, jiko la mkaa moja na la gesi moja.

Idi el Fitri ya mwaka 2024 iliangukia Aprili 10, katikati ya masika, na mnakumbuka mvua za mwaka ule. Mama alikopa kwenye kikoba ili anunue samli, sukari na hiliki. Akakesha siku mbili. Visheti alivikaanga vizuri kama kawaida yake, akavizungusha kwenye shira mpaka sukari ikaganda nyeupe. Kufika asubuhi vimetoa jasho, vimeshikana donge moja. Sukari inavuta unyevu, na hewa ya Dar wakati wa masika ni maji matupu. Akaanza kukaanga vingine usiku uleule.

Niliporudi kutoka kuswali nilimkuta amelala kwenye kigoda, mwiko mkononi. Takbira zote zilizopigwa na vipaza sauti vya mtaa mzima hazikumwamsha. Mwezi mzima amefunga, amesimama tarawehe kila usiku, halafu swala ya Idi imempita kwa ajili ya visheti. Nikamgusa bega. Neno lake la kwanza: "Sahani zimeshapelekwa, mwanangu?"

Ndugu zangu, hapo ndipo nilipoamua kuwa na msimamo. Msimamo wangu ni huu: sahani ya Idi itoshe aina tatu, na hizo tatu zichaguliwe kwa akili. Mazoea na woga wa kusemwa vikae pembeni.

Unachagua vipi? Mimi naona kuna maswali manne.

Kwanza, kinakaa siku ngapi? Vileja, nankatai na biskuti kavu havina maji mengi, samli imeshika kila kitu, na ukivifungia kwenye kopo vikishapoa vinafika wiki mbili bila taabu. Maana yake unaweza kuvioka mapema, kidogokidogo, ukaliacha kumi la mwisho kwa ibada. Kaimati ni kinyume chake. Ni unga wa hamira, zinataka kuliwa siku hiyohiyo, na kesho yake zimelegea. Kwa hiyo kitu cha papo hapo kiwe kimoja tu.

Pili, hali ya hewa ikoje? Idi inarudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka kwa kalenda ya kawaida. Miaka hii imekuwa ikigusa masika, lakini mwaka 2028 itaangukia mwisho wa Februari, na hapo visheti vitakauka vizuri. Hakuna dhambi kukipumzisha kitu miaka miwili mitatu mpaka msimu wake urudi.

Tatu, anakula nani? Mzee asiye na meno anapenda vileja, maana unga wa mchele hauna ule mnato wa ngano, kinamumunyuka chenyewe na kahawa. Watoto hawana habari na vileja, wao ni biskuti za jamu, na wanaanzia katikati. Na mgonjwa wa kisukari? Tunampelekea kashata na shira, halafu tunamwambia "onja kidogo tu". Huo si ukarimu. Mpelekee sambusa au njugu za kukaanga, atajua kwamba umemfikiria.

Nne, jiko lako ni lipi? Biskuti zinataka moto juu na chini. Kama huna oveni unapalia makaa juu ya mfuniko, na vileja vinataka moto mdogo ili vibaki vyeupe na vipasuke juu bila kuungua chini. Kama una gesi ya mtungi peke yake, usijitese. Kaanga, au pika kashata, maisha yaendelee.

Dada yangu mkubwa aliposikia haya alinijia juu. Kwake sahani ya vitu vitatu ni sahani ya watu waliofulia, majirani watasema, na mimi na uandishi wangu nisiwafundishe watu waliozaliwa na mila zao. Nisieleweke vibaya, hoja yake nimeifikiria sana. Sahani iliyojaa ni heshima. Hata mimi nikiwa mdogo nilikuwa nahesabu aina kabla ya kula.

Nikamwendea mama mwenyewe nikamuuliza, hivi zamani kule Tanga bibi aliwezaje? Akacheka. Akasema bibi hakuwahi kupika aina tisa hata siku moja. Bibi alikuwa mtu wa visheti. Nyumba ya pili walikuwa wa vileja, ya mbele kashata, na kila mwenye mkono wake alijulikana mtaa mzima. Siku mbili kabla ya Idi kina mama walikusanyika kwenye ua mmoja, kila mmoja na sinia lake, wakagawana. Ndipo kila sahani ikapata aina tisa.

Mnaona wadau? Zile tisa zilikuwa kazi ya wanawake tisa. Sisi tumehamia mjini, kila mtu kajifungia na geti lake, lakini hesabu ya sahani tumeiacha vilevile na kumtwisha mama mmoja. Nilipomwambia hivyo dada yangu hakujibu. Akabadilisha mazungumzo.

Kwa hiyo chaguo ni mawili. Ama turudishe ule ua: zungumza na majirani wawili watatu, kila nyumba ipike kitu kimoja kwa wingi, mgawane. Ama mpike tatu na muwe na amani. Na ukinunua kimoja kwa mama anayeoka biashara, si aibu, umemwingizia na yeye riziki ya sikukuu.

Na sisi wanaume tunaoingia jikoni kuonja tu, tuache hizo. Idi ya mwaka 2025 nilitwanga hiliki mwenyewe na kuisaga samli na sukari kwa mkono mpaka ikawa nyeupe. Sinia la kwanza la vileja niliunguza chini, maana niliweka makaa mengi chini kuliko juu. Mama alicheka mpaka akakaa chini. La pili lilitoka vizuri. Tukapeleka vileja, biskuti za jamu na kaimati. Kikoba hakikuguswa.

Majirani walisemaje? Mmoja aliuliza, visheti viko wapi mwaka huu? Mama akamjibu, "Mvua ikikaa mbali, mwanangu, utavipata." Basi, yakaisha. Hakuna aliyetuita waliofulia, angalau si mbele yetu.

Na mama aliswali Idi. Alitoka na baibui lake jipya saa moja kasoro, akaniachia mimi kaimati jikoni.

Haya, kwenu ni aina ngapi, na kama ungetakiwa ubakize tatu, ungeacha zipi? Kabla hujajibu, nenda kamuulize mama yako alilala saa ngapi usiku wa kuamkia Idi.

Naomba kuwasilisha.