Cheni Mpya juu ya Meno Makuukuu

Liko neno moja ambalo wenye magari wa nchi yetu hupenda kulisema mbele ya fundi, tena kwa sauti ya mtu aliyejaa busara: "Badilisha kilichovunjika tu." Neno hilo lina sura ya uangalifu na harufu ya uwekevu, na msemaji wake huondoka gereji akijiona ameepuka hila. Mimi nalipinga. Nalipinga hasa linaposemwa juu ya cheni ya taimingi ya injini iliyokwisha kula miaka, kwa sababu hapo uwekevu wake ni wa uongo, na hasara yake humwangukia mtu ambaye aghalabu hana uwezo wa kuibeba.

Yamkini wewe, msomaji, hujapata kuiona cheni hiyo, maana maisha yake yote hukaa gizani, nyuma ya kifuniko cha mbele ya injini, ikioga oili. Chini mna mhimili uzungushwao na pistoni, yaani krankshafti. Juu mna mhimili wa pili, kamshafti, ambao hufungua na kufunga vali, nazo vali ni milango ya kuingizia hewa na petroli na kutolea moshi. Pistoni hutimiza kazi yake kwa hatua nne, kuvuta, kushindilia, kuchoma na kutoa. Kwa hiyo krankshafti huzunguka mara mbili wakati kamshafti inazunguka mara moja, na gia ya juu ina meno maradufu ya gia ya chini. Cheni ndiyo mpatanishi wa mihimili hiyo miwili. Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, nao ni mwendo wa kawaida barabarani, kila vali hufunguka na kufungwa mara 25 katika sekunde moja. Kazi ya namna hiyo haifanywi kwa kukisia.

Basi cheni haiishi peke yake. Huvutwa na gia ya chini, huvuta gia ya juu, huongozwa ubavuni na reli zenye uso wa plastiki ngumu au mpira, na husukumwa na chombo kidogo ambacho mafundi hukiita tenshena, kitoacho ulimi wake kwa nguvu ya springi na ya oili ili cheni isilegee. Jamaa hawa walianza kazi siku moja. Wamekunywa oili ile ile, safi ilipokuwa safi na chafu ilipokuwa chafu. Wamezunguka pamoja, wamechomwa na joto pamoja. Akitokea mtu akasema kwamba mmoja wao ndiye aliyezeeka na wengine wangali vijana, hapana budi atuonyeshe ushahidi, na ushahidi wa macho hautoshi.

Watu husema cheni "imevutika", kana kwamba chuma kimenyooka kama mpira. Sivyo. Kilichotukia ni kwamba pini za cheni, pamoja na vijibomba vinavyozizunguka, vimelika. Pini moja ikilika sehemu moja ya mia ya milimita, hakuna jicho litakaloona. Lakini cheni yenye pini 100, kila moja ikilika kadiri hiyo, imekwisha kurefuka milimita nzima. Tangu hapo kiungo hakilali tena vyema katika bonde lililo baina ya jino na jino; hupanda mgongo wa jino na kulisugua, mpaka jino hupinda na kuchongoka kama kulabu. Sasa mlete bwana wetu wa "kilichovunjika tu". Anavisha cheni mpya, ambayo nafasi za viungo vyake ni sahihi, juu ya meno yaliyozoea nafasi za cheni mbovu. Ni sawa na mtu aliyenunua soksi mpya akazivaa ndani ya kiatu chenye msumari. Cheni ile mpya italika upesi kuliko ile ya kwanza, na mwenyewe atasema kwamba speya za siku hizi hazina maana.

Tuitazame injini moja ambayo mafundi wa nchi nyingi wanaijua vizuri, yaani 22R ya Toyota, iliyowekwa katika pikapu za Hilux miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 1990. Dada yake mkubwa, 20R, alikuwa na cheni ya safu mbili, na 22R za kwanza zilimfuata. Kisha, mwanzoni mwa miaka ya 1980, cheni ikawa ya safu moja na reli zikawa za plastiki. Injini hiyo ina sifa ya kudumu, nayo inaistahili. Walakini plastiki iliyopikwa katika oili ya moto kwa miaka mingi hukauka ikawa kama ganda la yai. Siku moja reli huvunjika. Cheni, isiyo na wa kuizuia, huanza kupiga kifuniko cha mbele, nacho ni cha alumini, na alumini ni laini mbele ya chuma cha cheni. Huikereza kidogo kidogo kama msumeno mpaka ikatoboa njia ya maji iliyo humo. Maji ya rejeta humwagika katika oili, oili hugeuka rangi ya chai ya maziwa, na beringi zilizotazamia mafuta hupewa uji.

Vipande vya reli navyo havipotei. Huanguka ndani ya sampu, na baadhi yao hufika kwenye chujio la pampu ya oili na kuliziba. Fundi aliyeamriwa abadilishe reli tu, asifungue sampu, huweka reli mpya juu na kuacha sumu chini. Gari huondoka likinguruma vizuri, mwenye gari husifu, na baada ya muda injini hukosa oili ikajisaga yenyewe. Nani atalaumiwa siku hiyo? Fundi, bila shaka. Nami sitamtetea sana, maana fundi anayeijua kazi yake akakubali kuifanya nusu kwa kuogopa kumkosa mteja ameshiriki katika uharibifu.

Zipo injini nyingi ambazo ndani yake vali na pistoni hutumia nafasi moja kwa zamu. Cheni ikilegea hata ikaruka meno, zamu huvurugika: pistoni hupanda wakati vali iko chini, na vali hupindwa kama msumari uliopigwa vibaya. Injini huzima papo hapo. Msomaji, fikiri juu ya pikapu iliyobeba viazi na watu watatu mbele, ikiteremka barabara ya Mai Mahiu. Injini ya petroli ikizima, usukani wenye msaada wa pampu huwa mzito, na breki, baada ya kukanyagwa mara chache, hukosa msaada wake na kuwa ngumu mguuni. Wanaodhani kwamba mazungumzo haya ni ya watu wanaopenda vyuma, na wasafiri hayawahusu, nawaomba wakae kidogo katika kiti cha dereva yule.

Na injini haikuwa imenyamaza. Cheni iliyolegea husema. Asubuhi, injini ikiwa baridi na oili haijaijaza tenshena, husikika mchakato kama wa changarawe ndani ya kopo, kisha sauti hutulia. Baadaye haitulii tena. Kamshafti nayo huanza kuchelewa nyuma ya krankshafti. Gari huwa zito mlimani na petroli huisha upesi. Wako madereva ambao dawa yao ya sauti hiyo ni kuongeza sauti ya redio.

Wapinzani wangu wana hoja, na hoja zao si zote za kipuuzi. Wa kwanza husema: cheni si ukanda wa mpira, ukanda hubadilishwa kwa kilomita zake, lakini cheni ni ya maisha ya injini. Nami nauliza, maisha ya nani? Sheria yetu inakataza kuingiza nchini gari lililopita umri wa miaka 8, na kwa hiyo magari mengi tunayoyaita mapya yamekwisha kuishi miaka saba katika nchi nyingine kabla ya kuiona bandari ya Mombasa. Hapa huanza maisha ya pili, yenye vumbi, matope, mizigo kupita kiasi, na oili inayobadilishwa fedha zikipatikana. Maisha hayo huweza kupita miaka 20. Anayekuambia kwamba cheni ni ya maisha hakukuambia ni maisha gani.

Wa pili ni mwenye gari asemaye kwamba hana fedha. Huyu ndiye ninayemwonea huruma, na ndiye hasa ninayemwandikia. Ndugu yangu, ni kwa sababu huna fedha kwamba hupaswi kulipa mara mbili. Katika kazi hii speya siyo gharama peke yake. Ili kuifikia cheni ya injini kama ile, maji humwagwa, oili humwagwa, rejeta na feni hutolewa, puli ya krankshafti hung'olewa, kifuniko hufunguliwa, na gasketi zilizotolewa hazirudi. Jasho lote hilo ni lile lile, uwe unabadilisha reli moja au unabadilisha kila kitu. Ukiacha gia mbovu leo, utanunua gia kesho na kulinunua jasho lile tena, na siku ambazo gari halikufanya kazi utazihesabu mara mbili. Wazee walisema rahisi huvunja upishi. Hapa imevunja na chungu pia.

Wa tatu husema kwamba mafundi wengine hupenda kubadilisha vitu vizima ili wapate faida. Kweli, wapo. Lakini dawa ya fundi mwongo ni kipimo. Kumwamuru abadilishe kidogo hakumfanyi kuwa mkweli. Kitabu cha ufundi cha 22R hakisemi "tazama kama cheni ni nzuri". Kinaagiza cheni inyooshwe, viungo 17 vipimwe mahali pasipopungua patatu, na cheni itupwe ikiwa urefu huo umepita milimita 147.0. Kinaagiza tena kila gia ivikwe cheni na kupimwa kwa kalipa, na tenshena na reli nazo zipimwe unene, kila moja kwa mpaka wake. Waliotengeneza injini hawakuthubutu kuamua kwa macho. Mwenye gari aliyesimama kando ya barabara amepata wapi uwezo huo? Anayetaka kuiokoa gia ya zamani na aiokoe kwa kalipa. Kipimo kikimkubalia, mimi sina neno. Asipokuwa na kalipa, na abadilishe ukoo wote: cheni, gia zote mbili, reli, tenshena na gasketi.

Speya hizo, kama utazitafuta Kirinyaga Road au penginepo, zinunue kwa mtu atakayekupa risiti na atakayekuwapo hapo mwezi ujao. Tangu mwaka 2008 tunayo sheria dhidi ya bidhaa za bandia, lakini sheria haikai ndani ya boksi la cheni. Katika 22R, reli zilizotiwa uti wa chuma zinapatikana badala ya zile za plastiki tupu, nazo zinafaa kununuliwa.

Kazi ikifanywa, usione haya kusimama karibu. Mwambie fundi afungue sampu na asafishe chujio mbele yako. Mwambie akuonyeshe alama za gia zikiwa zimelingana na viungo vya cheni vilivyotiwa rangi, kabla kifuniko hakijarudi. Kisha aizungushe injini kwa mkono, kwa spana, mizunguko miwili kamili ya krankshafti; ikigoma mahali, asiilazimishe, afungue tena. Oili iwe mpya, na chujio lake liwe jipya. Injini ikiwashwa mara ya kwanza, yamkini italia kidogo mpaka tenshena ijae. Hilo si kosa. Vyuma vilivyotolewa usiviache gereji. Ile gia ya chini ifute oili, uiweke nyumbani mahali panapoonekana, na jirani yako atakapokuja kukuambia kwamba fundi wake amemshauri abadilishe cheni peke yake, mpe aishike na apitishe kidole juu ya meno yake.