Pini za Bibi, Wigi la Mchumba

Mwezi huu nina ujumbe wa dada mmoja wa Mpanda mjini, na tangu niusome haujanitoka kichwani. Ana miaka 28, mfanyakazi wa ofisini, sendofu yake iko karibuni. Ukoo wa mama yake ulitoka ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, upande wa Moba, ukavuka na kuhamia Karema. Mabinamu zake wameandaa igizo: bibi harusi anaingia ukumbini kama mwanamke wa huko wa miaka ya 1880, kaniki mwilini, shanga shingoni, nywele zake mwenyewe zimefungwa juu kwa pini za enzi hizo. Nywele anazo, za asili, zinafika mabegani.

Tatizo ni mchumba. Kashanunua wigi la laki nne na nusu, na kamwambia wazi: "Bosi wangu atakuwepo, sitaki uonekane umetoka shamba." Dada anauliza, "Anti, pini za kweli zilikuwaje, na huyu mwanaume nimfanyeje?"

Tuanze na pini, maana hapo wengi huchemsha. Zile nyeusi za dukani, mguu mmoja umenyooka na mwingine una mawimbi, ziache kwenye droo. Zilishika kasi miaka ya 1920, wanawake wa Marekani na Ulaya walipokuwa wanakata nywele fupi. Ukimchomekea mwanamke wa 1885 ni sawa na kumvalisha saa ya mkononi. Kibanio cha plastiki ndiyo usiseme kabisa.

Ng'ambo ile ya ziwa, na zaidi ukiingia ndani kwa Waluba, nywele zilikuwa kazi ya fundi. Kuna misuko yao iliyoshuka kwa ngazi kama maporomoko ya maji, ambayo inaelezwa kuwa ilichukua saa kama 50 kusuka na kukaa miezi miwili au mitatu. Ndiyo maana walilalia vigogo vidogo vya mbao vilivyochongwa, shingo juu, nywele zikining'inia bila kuguswa. Wewe unalalamika ukikaa saluni saa nne! Vigogo hivyo leo viko kwenye makumbusho makubwa ya Ulaya na Marekani, na vingine vimechongwa umbo la wanawake wenye misuko hiyohiyo. Mwingereza Cameron, aliyezunguka kusini mwa ziwa kwa mitumbwi mwaka 1874 kisha akapita nchi ya Waluba, aliichora misuko ya watu aliokutana nao.

Na pini zao? Waluba walikuwa na za chuma, kichwa chake kimefuliwa kama fuawe ndogo, yaani kile chuma ambacho mhunzi hupigia kazi yake juu. Haikuwa urembo tu. Kwao kichwa cha mwanamke kilikuwa makao ya roho, na pini ilikuwa kama kufuli. Mimi hapo ndipo niliposisimka, kusema kweli.

Chuma chenyewe hakikuwa kigeni upande wetu huu. Wafipa waliyeyusha chuma kwenye matanuru ya udongo yaliyowazidi watu urefu, malungu, na mengine bado yamesimama mkoani Rukwa, ambao Katavi ilikuwa sehemu yake hadi 2012. Waya wa shaba nao ulikuja na misafara. Stanley, aliyepita Ukonongo mwaka 1871 akielekea Ujiji, aliandika kwamba shanga zilikuwa kama senti, kitambaa kama fedha, na waya ng'ambo ya Tanganyika ulihesabiwa kama dhahabu. Kwa hiyo dada, ukizungushia pini yako waya wa shaba, umevaa mali hasa.

Sasa onyo. Ameniandikia kwamba shemeji mtarajiwa anaweza "kumpatia kipande cha pembe ya tembo" cha kuchongea pini. Mama yangu! Biashara ya kimataifa ya pembe hizo ilipigwa marufuku mwaka 1989, na hapa nchini watu wanakula miaka 20 jela kwa kukutwa nazo bila kibali. Sisi tunaoishi jirani na Hifadhi ya Katavi tunalijua hilo vizuri. Mwambie shemeji asante, abaki nacho mbali. Tafuta mfupa wa mguu wa ng'ombe buchani, uchemshe, ukwangue, uanike. Ukishasuguliwa unang'aa vizuri tu. Au nenda kwa seremala yeyote wa Mpanda, omba kipande cha mninga kilichobaki kwenye kitanda cha mtu.

Kufunga ni rahisi kuliko unavyodhani. Kusanya nywele nyuma, zisokote kama kamba, zizungushe zikae duara. Chomeka pini ukingoni mwa duara, ishike nywele kidogo za kichwani, kisha igeuze ncha ielekee upande wa pili na uipitishe chini ya duara itokee ng'ambo. Nywele zetu za kipilipili hapa zina faida: zinang'ang'ania mti. Kwenye nywele za kuteleza ingeanguka kabla MC hajamaliza kusalimia.

Haya, mchumba. Katika ujumbe ule kuna mstari mmoja aliouandika kama kitu cha kawaida: wana miaka mitatu pamoja na hajawahi kumwona na nywele zake wazi. Siku zote rasta, wigi, au kilemba. Mimi naona ugomvi uko hapo, bosi ni kisingizio. Anaogopa kichwa asichokijua, na pengine hata wewe dada umekuwa ukikificha. Usimsubirishe hadi ukumbini, mbele ya watu mia tatu na kamera, ndipo akione kwa mara ya kwanza.

Mwite nyumbani Jumamosi moja. Fumua rasta. Zifunge nywele mbele yake, mwache azishike, mwambie habari za ng'ambo ya ziwa na za bibi zako. Akiendelea na maneno ya shamba, mkumbushe kwamba wigi nalo limewahi kuitwa uhuni nchi hii: Operesheni Vijana ya TANU, iliyotangazwa 1968 na kuanza Januari 1969 jijini Dar, ililipiga vita pamoja na minisketi. Na akiwa bado hataki baada ya kukuona, basi muulize ni nani anayemuoa, maana wigi litavuliwa usiku uleule. Jibu lake lisikilize lote, usimkatishe.

Akilainika, mpe kazi. Fundi achonge, yeye asugue kwa msasa, mkali kwanza kisha laini, hadi kusiwe na kikwaruzo hata kimoja, maana mti wenye kikwaruzo unakata nywele. Kisha aipake mafuta ya nazi. Fundi akiuliza kipimo: urefu sentimita 16 hivi, unene wa penseli, ncha butu. Achonge mbili, moja ikivunjika siku ya tukio hakuna duka la kukimbilia.