Tamko la Chama cha Kufa na Kuzikana, Ihanda, Kufuatia Kifo cha Shangazi Yetu

Sisi, wanachama wa chama cha kufa na kuzikana hapa Ihanda, wilayani Karagwe, mkoani Kagera, tumekutana baada ya kuanua matanga ya mwenzetu ambaye wakubwa kwa wadogo tulimwita Shangazi. Familia imeomba jina lake lisitangazwe nje ya kijiji, nasi tumeheshimu. Tunatoa tamko hili kumshukuru, na kueleza tuliyoazimia ili mema yake yasizikwe pamoja naye.

Shangazi alirudi nyumbani akiwa mjane kijana, na baba yake akamgawia sehemu ya kibanja, yenye kahawa na migomba. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mkoani kwetu mwaka 1983, na miaka iliyofuata ikazoa wazazi na kuacha watoto peke yao majumbani. Shangazi alichukua watoto wa kaka yake. Akachukua na wa jirani, ambao hakuwa na udugu nao. Waliolelewa pale wanashuhudia kwamba wote walikula matoke na maharage kwenye sinia moja, na aliyechelewa kutoka shule aliwekewa chake.

Mnyauko wa migomba ulipoingia Kagera mwaka 2006, wengi tulisita kung'oa migomba iliyougua, kwa kuwa ndiyo chakula na ndiyo heshima ya nyumba. Shangazi aling'oa ya kwake kwanza. Kisha akawa anapita kwenye vibanja vya wajane na wazee akiwa na mti mrefu wenye panda, akivunja maua dume bila kutumia panga, maana panga lisilopitishwa motoni hubeba ugonjwa kutoka shina hadi shina. Shamba lake lilipopona, machipukizi safi aliyagawa bure.

Kwenye misiba yetu hakuwahi kungoja kupangiwa kazi. Alifika na mkungu kichwani, akauacha jikoni, akaenda kusugua masufuria. Mweka hazina wetu ametueleza jambo jingine, ambalo Shangazi alimwomba alifiche maadamu yu hai: ada za wazee kadhaa wasio na uwezo zilikuwa zikilipwa na yeye, kwa sharti kwamba wenyewe wasijue. Ndiyo maana hakuna mzee aliyefutwa daftarini.

Kwa hiyo, tumeazimia yafuatayo:

1. Ada za wazee hao zitalipwa na mfuko wa chama kuanzia sasa. Majina yao hayatasomwa mkutanoni.

2. Watoto aliowaacha wakiwa bado shuleni ni watoto wa chama. Daftari, sare na michango ya shule tutavibeba hadi wa mwisho amalize kidato cha nne.

3. Kibanja chake kibaki kwa binti aliyemlea, kama alivyoandika katika wosia mbele ya mashahidi. Tumesikia minong'ono kwamba ardhi ya ukoo haikai mikononi mwa mwanamke. Tunakumbusha kwamba suala hili lilishaamuliwa, tena kwa kesi iliyoanzia mkoani kwetu. Holaria Pastory wa Muleba alirithishwa shamba na baba yake kwa wosia, na mwaka 1988 akaliuza kwa mtu asiye wa ukoo. Mtoto wa ndugu yake akamshtaki shangazi huyo katika Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha, na mauzo yakabatilishwa. Shauri lilipofika Mahakama Kuu, Mwanza, mwaka 1990, Jaji James Mwalusanya aliamua kwamba mwanamke ana haki ya kuuza ardhi aliyorithi sawasawa na mwanamume. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, nayo inabatilisha mila inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki ardhi. Atakayemsumbua binti huyu atatukuta tumesimama naye, kuanzia baraza la kijiji hadi mahakamani.

4. Kila mwanachama mwenye migomba isiyo na ugonjwa atatoa machipukizi kwa jirani mwenye shida kila msimu wa kupanda, bila malipo.

Tunawashukuru majirani waliochimba kaburi, akina mama waliokesha na familia, vijana wa bodaboda waliosafirisha wafiwa bila kudai nauli, na viongozi wa dini waliotuongoza. Kwa watoto wa Shangazi, wa kuzaa na wa kulea, tunasema: poleni sana. Hamjaachwa. Mkipungukiwa msione haya, njooni kwetu kama sisi tulivyokuwa tukienda kwa mama yenu.

Maazimio haya yamepitishwa na wanachama wote, na utekelezaji wake utasomwa katika kila mkutano wa chama.

Imetolewa na Kamati ya Chama,
Ihanda, Karagwe